Makumbi ya Bibi Ziwani Babati

Juzi niliteremka ziwani na binti yangu kununua perege, nikakuta maji yamerudi nyuma, kama yafanyavyo kila kiangazi kikikolea. Ukingo mzima ulikuwa tope jeusi, na harufu yake ilinisimamisha njiani. Ni harufu mbaya, sitaki kuipamba. Binti yangu aliziba pua kwa upindo wa kanga yangu akaniuliza tunangoja nini. Mimi nilikuwa navuta pumzi kama mtu aliyepita jirani na jiko la mama yake, kwa sababu katika harufu ile bibi yangu mzaa baba alikuwa amesimama pale pale, kanga ameikaza kiunoni, mikono ina tope hadi viwikoni, ananiambia nisikanyage mawe yake.

Kuna jambo nililomfanyia bibi pale ziwani nikiwa na miaka minane, na kwa muda mrefu sana sikumwambia mtu. Leo nakuhadithia wewe, maana mwaka jana nimepata jibu lake, na jibu lenyewe bado linanichekesha na kuniliza kwa wakati mmoja.

Nyumba yetu ilikuwa Bagara. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na Babati, tuliyoizoea kuwa mji wa kupita tu, ikajikuta makao makuu. Kila wiki alishuka mgeni mwenye begi na barua ya uhamisho, anauliza chumba. Wapimaji walipita kwenye mashamba ya mahindi wakisimika bikoni za kuonyesha mipaka ya viwanja, na sisi watoto tulizikalia zile bikoni kama vigoda. Barabara zilikuwa vumbi tupu. Ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni unaanua la kahawia. Baba alikuwa na duka karibu na stendi, akiuza mchele, viungo, tende wakati wa mfungo, na nazi zilizoletwa na lori kutoka Tanga. Yeye ni mtu wa pwani. Mama alizaliwa Sigino, na bahari aliijua kwa picha ya kwenye kalenda.

Babu alipofariki huko kisiwani kwao, baba alikwenda kuzika akarudi na bibi. Alishuka kwenye basi akiwa na vumbi hadi kwenye kope, amebeba mkoba wa ukili na mbuzi yake ya kukunia nazi, utadhani sisi wa bara tulikuwa tunakuna nazi kwa meno. Mama akampokea mzigo, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lakini sikai. Nimeacha makumbi shimoni."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia bibi yangu akisema, na sikuyaelewa hata kidogo. Ikabidi baba atufafanulie wakati wa chakula. Makumbi ni yale maganda ya nje ya nazi, yenye nyuzi. Kwao bibi, kwenye kighuba cha kisiwa kidogo cha kusini, wanawake huyakusanya na kuyafukia kwenye tope maji yakipwa, kisha hupanga mawe juu yake. Bahari inakuja inafunika, inaondoka, inakuja tena, na kwa miezi kama sita chumvi na tope vinayalainisha mpaka nyuzi zinaachana. Hapo hufukuliwa, yakapondwa kwa rungu, yakaoshwa, yakasokotwa kamba. Kila mwanamke ana shimo lake na mpango wake wa mawe, na shimo la mtu halifukuliwi na mwingine. Mwenyewe akisafiri, linamngoja. Akifa, linamngoja mwanawe au mjukuu wake aje alifukue kwa mkono wake. Bibi alidakia kwamba hata mwizi wa kuku wa pale kisiwani, ambaye alimtaja kwa heshima kidogo, hakuwahi kugusa shimo la mtu. Lakini makumbi nayo hayana subira ya milele. Yakipitiliza mwaka yanageuka tope tu. Kwa hiyo bibi alikuja Babati akiwa tayari na siku yake ya kuondoka, na siku hiyo ilikuwa inaiva kidogo kidogo chini ya bahari.

Mimi siku ya tatu nilikuwa tayari nimehamia kitandani kwake. Mama alikuwa na mtoto mchanga, baba alishinda dukani, na nilikuwa nimezoea kuambiwa niende nikacheze. Bibi hakuniambia niende nikacheze. Aliniita mke mwenzangu, ule utani wa bibi na mjukuu wa kike, na mbele ya wageni alinituhumu kwamba nilikuwa nammezea mate marehemu mumewe kwa ajili ya meno yake mazuri. Kila tulipotoka alininyooshea kidole chake cha mwisho, kile kidogo, nikakishika, tukaenda hivyo hadi tunakokwenda. Hakuna mtu aliyewahi kunishika hivyo kabla yake.

Asubuhi alichambua mchele barazani, na ungo ndio uliokuwa ramani yake. Alisukuma mchele pembeni kwa kiganja, ukabaki umepinda kama kwato ya ng'ombe. "Hii ndiyo nchi kavu. Unaona ilivyokumbatia? Nje huko kusi linavuma linang'oa makuti, humu ndani maji yametulia, waweza kumwogesha mtoto." Kwa chenga alionyesha kisima cha maji matamu, na msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe uliobaki ukuta mmoja na mlango. Vijiwe alivyovichambua ndivyo vilivyokuwa vyombo. Alivipanga mlangoni mwa ghuba akaviingiza kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Alisema tangu enzi ambazo hakuna aijuaye hesabu yake, mabaharia wa nchi za mbali, ambao hata lugha yao wenyeji hawakuijua, walikuja kujificha upepo pale, wakachota maji na kununua kamba. Vyombo vya kale kabisa havikuwa na msumari; mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi. Utotoni mwake, wakichimba mashimo, walikuwa wanakuta tope limejaa vigae vya mabakuli ya buluu na ya kijani waliyoyavunja hao wageni, wakavichukua kuchezea mapishi.

"Watu wanasifu manahodha," alisema akipuliza pumba. "Nani aliyemsokotea nahodha kamba? Bila bibi zangu angefika wapi huyo? Angeogelea."

Kisha ramani yote ikaingia sufuriani tukaila mchana.

Na tulikula, ndugu yangu. Huku kwetu mbaazi zilikuwa zao la kuuza. Zinalimwa Bonga, zinalimwa Sigino, zinajazwa magunia zinakwenda zake. Bibi alipoona magunia yamepangwa stendi alishika kichwa. Kesho yake alizipika kwa nazi, zikachemka polepole mpaka tui likawa zito na kupakaa kijiko, akakaanga na maandazi ya iliki. Jirani yetu, mama wa Kigorowa aliyekuwa na shamba Bonga, aliingia kuomba kijinga cha moto akapewa bakuli.

"Hii ni mbaazi?" akauliza.

"Ndiyo mbaazi," bibi akajibu.

"Hii hii yetu?"

"Hii hii yenu."

Mama jirani alimaliza bakuli, kisha akasema, "Basi siku zote tumeuza kitu tusichokijua." Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Yeye alileta maziwa ya mgando kwenye kibuyu, bibi alimrudishia kibuyu kina maandazi.

Baba alianza kuingia wasiwasi alipoona bibi anahesabu miezi kwa vidole. "Mama, kule umebaki na nani?" alimuuliza. "Na shoga yangu," bibi akasema, "na shimo langu." Baba akafikiri, na mwisho akamwagiza dereva wa lori la Tanga alete makumbi. Dereva alicheka mpaka akaegemea tairi. "Shehe, kule haya tunawashia moto!" Lakini aliyaleta, magunia mawili. Bibi aliyafungua, akanusa, akavuta uzi mmoja kwa meno.

"Ya Tanga haya," alisema. "Si mabaya. Nitayafukia hapo ziwani. Yakiiva namsokotea mke mwenzangu kamba za kitanda, namfundisha na kazi yenyewe. Kisha nakwenda zangu. Ya kwetu yatanivumilia mwezi mmoja zaidi."

Baba alifurahi kwamba amepata mwezi mmoja. Mimi mwezi mmoja nilinuna nao. Nilitaka akae moja kwa moja, na nilishangaa watu wazima wanavyoridhika na kidogo.

Tulikwenda ziwani Jumamosi, mama jirani akatutangulia kutuonyesha mahali viboko havipiti. Palikuwa na pahali ziwa lilijipenyeza kati ya matete likatengeneza kona ya maji yaliyotulia. Bibi akasimama, akapatazama muda mrefu. "Hapa," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akainama, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Halina chumvi!" Alimgeukia mama jirani kama mtu aliyeuziwa samaki aliyevunda. "Bahari isiyo chumvi ni chai isiyo sukari."

"Si bahari, bibi. Ni ziwa."

"Ndiyo maana," bibi akasema, na hakufukia kitu siku hiyo. Alirudi kesho yake na pakiti ya chumvi kutoka dukani, na kila alipopanga safu ya makumbi shimoni aliinyunyizia. "Yasije yakasahau kwao," aliniambia. Juu yake akapanga mawe saba kwa duara, na la nane, refu, akalilaza katikati likitazama upande wa maji. Huo ndio uliokuwa mpango wa mama yake, na wa mama wa mama yake.

Shimo alilichimba karibu kabisa na maji. Kwao shimo zuri ni lile ambalo bahari inalifunika na kulifunua kila siku. Mama jirani aliona liko karibu mno na maji, lakini aliendelea kumsogezea mawe. Alikuwa mtu wa adabu. Asingeweza kumfundisha mzee wa watu kazi yake.

Mvua za masika zilikuja kwa fujo mwaka ule. Ziwa likapanda. Kwanza likalamba mawe, kisha likayafunika, na makumbi yalipofikia kuiva, pale shimoni maji yalikuwa yanafika kiunoni mwa mtu mzima. Sisi tuliozaliwa huku hatukushangaa. Bibi naye hakushangaa, ila kwa sababu nyingine kabisa.

"Yamejaa," alisema. "Yatakupwa."

Alikata kijiti, akakifunga kipande cha kanga kuukuu, akakisimika pale maji yalipoishia. Kijiti hicho kitatwambia, alisema. Kikionekana kimeachwa nchi kavu, ujue maji yanaondoka. Kila alasiri baada ya kuswali alijitanda kanga, akachukua mkeka mdogo, akaenda ukingoni kungoja. Aliketi pale akitazama ziwa la Babati kama mtu aliyeahidiwa.

Wiki ile ile mama jirani alikuwa anahamia shambani Bonga kwa palizi. Alinikuta langoni, mzigo kichwani. "Wewe mtoto," akasema, "mwambie bibi yako hivi. Ziwa hili likipanda, limepanda. Kushuka ni mpaka kiangazi, mwezi wa nane huko, wa tisa. Asijisumbue kukaa pale na baridi. Aende tu kwao akafukue yake. Haya ya huku tutamtolea sisi. Umesikia?"

"Ndiyo mama."

Nilisikia vizuri sana. Nilisikia kwamba bibi akiambiwa ukweli ataondoka wiki hiyo, na atafika kisiwani makumbi yake yakiwa bado mazima. Na asipoambiwa atangoja, na akingoja ya kwake yatapitiliza mwaka yawe tope, na hapo hatakuwa na kitu cha kurudia. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimesimama pale pale langoni, na sikuona aibu yoyote. Aibu ilikuja baadaye sana, ikakaa.

Nilimkuta bibi anatwanga bizari. "Bibi, mama jirani amesema ziwa litakupwa karibuni."

"Lini?"

"Kesho," nikasema.

Kesho hiyo haikufika, nikasema nyingine. Nilipoona kijiti kimesimama tu na maji yanakigusa vile vile, nikatafuta mbinu. Nikitoka shule nilivua viatu nikakimbia ziwani kabla bibi hajafika, nikang'oa kijiti nikakisogeza nyuma, viganja viwili hivi kutoka kwenye maji. Kisha nikamkimbilia kumlaki njiani, nikashika kidole chake. "Bibi, njoo uone! Limeanza!" Bibi alifika, akatazama kijiti, akatazama maji, akaniambia nikanawe miguu.

"Kweli," alisema nilipokuwa nanawa. "Linakwenda."

Nilifanya hivyo mara nyingi, siwezi kukumbuka ngapi. Mvua ikinyesha na maji yakakifuata kijiti, nilimwambia yamejaa tena, naye akakubali kwamba bahari ndivyo zilivyo. Baba alikuwa anahangaika na ujenzi wa chumba cha pili cha duka. Alipoona mama yake yupo, hakuuliza kinachomweka. Tulikaa pale ukingoni tukisikiliza viboko wanavyokoroma upande wa pili, na bibi akanifundisha majina ya pepo, na jinsi ya kusokota uzi kwa viganja kwa kutumia katani ya dukani. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena sawa na ile. Ninasema hivyo nikijua nilikuwa naiiba.

Siku moja aliandika barua. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, mistari inakimbia kutoka kulia bila irabu hata moja, na mimi niliyekuwa bado kwenye juzuu ya kwanza sikuambulia kitu. Aliigandisha bahasha kwa uji, akanitajia jina la shoga yake na la kisiwa niandike juu kwa herufi za shuleni, akanituma posta. Nilisimama mbele ya sanduku la posta nikiwa na hakika kwamba ndani mle amemwandikia shoga yake siku ya kurudi. Niliishika ile barua mpaka ikalowa jasho. Mtaro ulikuwa pale pale, umejaa maji ya mvua, na hakuna aliyekuwa ananitazama. Mwisho nikaitumbukiza kwenye sanduku. Mpaka leo sijui ni nini kilichonizuia kuitupa.

Kiangazi kikaja na ziwa likashuka, kama mama jirani alivyosema. Mawe saba yakatokea, na lile refu. Tulifukua asubuhi moja, bibi amezama tope hadi magotini, na ile harufu niliyokutajia ikapanda ikaziba njia zote. Wavuvi walihamisha mitumbwi. Lakini makumbi yalikuwa yameiva vizuri ajabu. Bibi aliyaponda uani kwa rungu la mkwaju siku nne, pu, pu, pu, mpaka wanawake wa Bagara wakaja kuangalia ni nini kinachotwangwa kisicholiwa. Mama jirani alishika rungu, akaponda, akasema katani ina adabu zaidi. Nyuzi zilipooshwa na kukauka zilikuwa na rangi ya mkate. Bibi alizisokota kamba, fundi akachonga kitanda cha mninga, na bibi akakiwamba mwenyewe, goti limekanyaga ubao, anavuta kamba mpaka inalia. Alipomaliza alinirusha juu yake.

"Haya mke mwenzangu. Sasa tuna kitanda."

Hakuondoka. Baba alipomuuliza, alijibu kwa wepesi tu, "Makumbi yangu yameshakuwa tope, nikafuate nini?" Wote wakacheka. Mimi nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo.

Aliishi na sisi miaka minne zaidi, na tukamzika Babati, mbali na chumvi. Siku za mwisho alikuwa anapotea kidogo kwa homa. Alasiri moja alifumbua macho akaniambia, "Sasa hivi ghubani kwetu maji yamejaa." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa peke yangu naye chumbani, na maneno yote yalikuwa mdomoni. Nikamuuliza kama anataka uji.

Nimekua, nimeolewa, nimezaa, na kila nilipolala kwenye kamba zile nilijua nimelalia makumbi ya mtu niliyemzuia kwao. Mwaka jana nikamwambia mume wangu nakwenda. Baba, ambaye sasa amezeeka na duka amelifunga, alinichorea njia ya basi hadi mwisho, kisha boti. Lakini boti ilipozunguka mwamba sikuhitaji kuonyeshwa. Nilikijua kile kighuba, nilikuwa nimekila kwa miaka. Nchi ilikuwa imekumbatia vile vile. Ukuta wa msikiti ulikuwepo, na mlango. Niliuliza shoga yake bibi, nikapelekwa kwa mwanamke mkongwe aliyeketi kizingitini anachambua dagaa.

Nilipomwamkia nikamtajia ukoo wetu, aliniangalia kuanzia miguuni. "Wewe ndiye mke mwenza?"

Nikasema ndimi.

"Umechelewa," akasema. "Na umekuja maji yamejaa. Keti, yatakupwa."

Tukaketi. Sijui ni yale maneno au ni safari, lakini nilimwambia kila kitu pale pale, mtu nisiyemjua: ujumbe wa mama jirani, kesho zote, kijiti. Nilimwambia mimi ndiye niliyemfanya bibi asirudi. Alisikiliza akiendelea na dagaa wake. Adhuhuri ilipopita akanyanyuka, akanipa mti wa kuchimbia, tukateremka. Maji yalikuwa yanaondoka yenyewe, hatua kwa hatua, wala hakuna aliyehamisha kitu. Tope likatokea tupu. Mashimo yote hayapo tena. Pale sasa wanatumia kamba za manila, na vijana hawajui hata mama zao walifukia wapi. Lakini katikati ya tope kulikuwa na mawe saba kwa duara, na moja refu limelala katikati.

"Kila baada ya kusi nayarudishia," yule mkongwe alisema. "Fukua."

Nilifukua. Makumbi yalikuwa yamekwisha zamani. Nilitoa tope kwa mikono, jeusi, laini kama samli, na ndani yake kigae kimoja cha buluu na nyuzi zisizojaa kiganja. Nilitaka kumwomba msamaha bibi, nikaishia kukifuta kile kigae kwa kanga. Shoga yake alingoja ninawe. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa bahasha yenye mwandiko wangu wa darasa la pili. "Aliniambia nikusomee ukishafukua kwa mkono wako. Si kabla."

Akasoma polepole, kidole kinatembea kutoka kulia:

"Shoga yangu, salamu nyingi. Mimi mzima. Makumbi yangu usimruhusu mtu ayafukue, yaache yaoze. Maji ya huku hayapwi. Nililijua hilo siku ya tatu. Nilisimika kijiti, nikaona maji hayasogei ila kijiti ndicho kinachosogea, na kila kikisogea mke mwenzangu ana tope miguuni. Ananiambia kesho, na anavyosema amenishika kidole. Shoga, huko kwetu wote wameniondokea ila wewe, unisamehe. Huku nina mtu anayenidanganya ili nisiende. Lini tena nitapata mtu kama huyo? Mawe yangu yakitawanyika yarudishie. Siku moja atakuja, naye atakuja analia. Akishafukua kwa mkono wake, si kabla, msomee hii, umwambie nilikuwa naona."

Nilimwomba arudie pale pa kijiti. Akarudia, na safari hii tulicheka sote wawili, mpaka maji yakaanza kurudi.

Shoga yake bibi alifariki mwezi wa nne uliofuata. Sijui sasa nani anarudishia mawe. Huku Babati, ile kona ya ziwa penye matete imezungushiwa ukuta, na juzi nilipomwonyesha binti yangu alipaona pa kawaida tu. Mama jirani naye amekwenda zake, na mbaazi zinaendelea kupakiwa magunia. Nina kigae kabatini, nina barua, na nina kitanda. Kamba zake zimelegea, ukilala unazama katikati, na mgongo wangu si wa miaka minane. Fundi wa mtaani kila akipita ananishauri nimruhusu azikate aniwekee za manila, kazi ya saa moja tu, mama, nije lini?

Namwambia kesho.